Gari la mtumba likitetemeka sailensi: tafuta chanzo kabla ya kununua spea

Ukilipeleka gari linalotetemeka sailensi (yaani limewashwa, limesimama, mafuta hayajakanyagwa) kwenye gereji tatu, jiandae kurudi na majibu matatu: plagi zimekufa, nozeli zimeziba, sensa imeharibika. Kila moja linawezekana. Shida ni kwamba kila jibu lina bei yake, na fundi anayebahatisha anabahatisha kwa pesa yako. Hapa tunapima kwanza, tukianza na vipimo visivyogharimu kitu.

Vipimo vilivyotajwa ni vya injini ya Toyota 1NZ-FE ya cc 1,500, kwa sababu ndiyo iliyojaa barabarani kwetu: Probox, Fielder, Premio, Allion, Raum, na IST zile za cc 1,500. Kwa injini nyingine za petroli utaratibu ni uleule, namba ndizo zinazobadilika.

Mtetemo wenyewe ni wa namna gani?

Washa gari liache lipate moto mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima yenyewe. Zima AC, taa na redio, weka gia P. Injini iliyotulia inazunguka kati ya RPM (mizunguko kwa dakika) 650 na 750. Sasa tazama mshale wa RPM kwenye dashibodi, kisha nenda nyuma ukasikilize bomba la moshi.

Kama mshale umetulia tuli na bomba linatoa mlio wa mfululizo usio na pengo, lakini usukani na kiti vinatetemeka, injini yenyewe huenda haina tatizo. Tazama mauntingi, vile vishikizo vya mpira vinavyobeba injini. Fungua boneti, mtu mmoja akae kwenye usukani akanyage breki barabara na kuvuta hendibreki, kisha atoe gia N kwenda D, arudi N, aende R. Wewe simama ubavuni, kamwe si mbele ya gari. Injini kujisogeza kidogo ni kawaida. Ikiruka kwa kishindo na kurudi, mauntingi imekatika mpira. Kwenye Toyota hizi inayotangulia kufa mara nyingi ni ya kulia, upande wa mnyororo wa taimingi, ambayo ndani yake ina maji ya kuzuia mtikisiko. Ukiona imechirizika majimaji meusi, imekwisha. Tahadhari: mauntingi za bei chee zenye mpira mgumu hutetemesha gari kuliko hata ile mbovu uliyoitoa, na hapo mtu huanza kutafuta ugonjwa kwenye injini nzima.

Kama mlio wa bomba una pengo linalojirudia, kama mtu anayechechemea, injini inamisi: silinda moja haichomi. Shika karatasi nyepesi karibu na mdomo wa bomba na utaona inavyosukumwa, kisha kunyamaza, kisha kusukumwa tena.

Kama mshale unapanda na kushuka wenyewe, tuseme kutoka 500 hadi 1,200 na kurudi, fikiria hewa: inapita mahali ambapo kompyuta haiijui, au throto (mlango wa hewa ya injini) ni chafu kiasi kwamba kompyuta inashindwa kuituliza.

Na kama injini imetulia lakini iko chini mno, inataka kuzima ukiweka D au ukiwasha AC, mshukiwa wa kwanza ni uchafu kwenye throto.

Kwanza rudisha kilichochokonolewa

Gari la mtumba limepita mikononi mwa watu. Kabla ya kutafuta kilichoharibika, tafuta kilichoondolewa.

Cha kwanza ni themostati, valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Gari likichemsha, baadhi ya mafundi huitoa na kuitupa, na mteja huondoka akifurahi kwamba joto limeshuka. Kilichotokea ni kwamba injini sasa haifiki joto lake. Inapaswa kukaa kati ya nyuzi 80 na 95. Bila themostati, kwenye barabara kuu joto linaweza kushuka hadi 60 au 70. Kompyuta inaona injini bado baridi, inaendelea kumwaga petroli nyingi, sailensi inabaki juu, plagi zinajaa masizi, na mafuta yanaisha upesi. Kuikagua ni rahisi: asubuhi washa gari likiwa baridi, shika hozi ya juu na ya chini ya rejeta. Themostati ikiwepo, moja itapata moto kwanza na nyingine itabaki baridi mpaka ifunguke. Zote zikipata moto polepole kwa pamoja tangu mwanzo, haipo, au imeganda ikiwa wazi. Rudisha mpya, kisha utafute kwa nini gari lilikuwa linachemsha.

Cha pili ni skrubu ya throto. Kwenye matoleo ya zamani yenye waya wa eksileta, kuna skrubu ndogo inayozuia kipepeo cha throto kisifunge kabisa. Imewekwa kiwandani na haikukusudiwa kurekebisha sailensi. Fundi akiikaza ili sailensi ipande, sensa ya throto inaiambia kompyuta kwamba dereva amekanyaga mafuta, na kompyuta inaacha kabisa kuisimamia sailensi. Alama za bisibisi au rangi iliyobanduka zitakuonyesha kama imeguswa.

Angalia pia soketi za sensa zilizochomolewa makusudi, hozi ndogo za vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) zilizozibwa kwa boliti, na karatasi ya filta ya hewa isiyojaa kwenye boksi lake. Vumbi linalopita pembeni ya filta huishia kwenye sensa ya hewa.

Isikilize kompyuta, lakini usiitii

Kipimio cha kusoma kompyuta ya gari, kile cha kuunganisha na simu, kinatosha. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, hasa ya miaka ya mwanzo ya 2000, wakati mwingine hayaelewani na vipimio vya bei nafuu. Kwa Toyota bado kuna njia ya waya: swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu namba 4 na 13 za soketi iliyo chini ya dashibodi, weka swichi kwenye ON bila kuwasha injini, na taa ya cheki injini itakonyeza namba za kosa. Hesabu matundu mara mbili. Namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, na waya ukiigusa pamoja na arthi unaunguza fyuzi.

Kodi (namba za kosa) P0301 hadi P0304 zinakutajia silinda inayomisi. P0300 inasema misi inahamahama, kwa hiyo acha kufikiria koili moja (inayoipa plagi umeme) na ufikirie kitu kinachogusa silinda zote: hewa, presha ya petroli, petroli mbovu. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Hapa ndipo watu wengi hununua sensa ya oksijeni bure, wakati sensa hiyo ndiyo shahidi tu aliyetoa taarifa.

Kitu chenye thamani kuliko kodi ni marekebisho ya petroli, yanayoandikwa STFT (ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu) kwenye kipimio. Yajumlishe. Kati ya -10 na +10 kwa mia ni sawa. Kisha fanya hivi: soma sailensi, halafu shikilia injini kwenye RPM 2,500 kwa nusu dakika usome tena. Kama sailensi ilikuwa +20 na kwenye 2,500 ikashuka hadi +4, kuna hewa ya wizi, kwa sababu tundu lilelile dogo ni sehemu kubwa ya hewa injini inapovuta kidogo, na si kitu injini inapovuta nyingi. Kama inabaki juu pote pawili, au inazidi ukiwa barabarani umekanyaga, petroli haitoshi au sensa ya hewa inadanganya. Kama ni hasi sana, -15 na kuendelea, petroli imezidi: nozeli inavuja, valvu ya mvuke wa tangi imeganda wazi, au oili imechanganyika na petroli.

Tazama pia gramu za hewa kwa sekunde. Injini ya cc 1,500 iliyopata moto, AC imezimwa, huwa kati ya 1.5 na 3.

Hewa: hapa tulia

Tatizo la sailensi lisilo na misi ya silinda moja mara nyingi huishia hapa, na matengenezo yake ni rahisi kuliko yote.

Anza na bomba la mpira kati ya boksi la filta na throto. Likunje kwa mikono na utazame upande wa chini, kwenye mikunjo. Huko ndiko linakopasukia, na juu linaonekana zima kabisa. Hewa inayoingia hapo imepita nyuma ya sensa ya hewa, kompyuta haikuihesabu, haikuipimia petroli.

Fuata hozi ya PCV (valvu inayorudisha mvuke wa oili ukachomwe) inayotoka kwenye kava ya valvu kwenda kwenye manifoldi, mabomba yanayogawia silinda hewa. Joto huifanya ngumu kama plastiki na kuipasua kwenye kiwiko. Ichomoe valvu yenyewe na uitikise, ikubali kulia kwa ndani. Puliza upande unaoingia kwenye kava: hewa ipite. Puliza upande wa manifoldi: isipite, au ipite kidogo sana. Ikipita pande zote, ibadilishe. Usiipige denda kwa mdomo, chukua kipande cha hozi safi. Mvuke wa oili ile una sumu.

Kisha hozi ya busta ya breki, kifaa kinacholainisha pedali. Injini ikiwa sailensi, ibane kwa plaizi yenye midomo laini au iliyofungwa kitambaa. Sailensi ikitulia ghafla, busta inavuja. Dalili yake nyingine ni pedali kuwa ngumu, au sailensi kubadilika kila unapokanyaga breki.

Gasketi ya manifoldi ya kuingiza hewa nayo haiachwi. Manifoldi ya 1NZ-FE ni ya plastiki na gasketi yake ni mpira ambao baada ya miaka mingi hukauka. Uvujaji wake una tabia: asubuhi ya baridi gari linatetemeka, likipata moto mpira unatanuka na mtetemo unapungua au kuisha. Kwa Iringa, Njombe au Limuru dalili hii inaonekana wazi. Kwa Dar es Salaam au Mombasa asubuhi si baridi kiasi hicho na inaweza kujificha kabisa.

Kutafuta tundu lisiloonekana, mafundi wengi hupuliza kabu klina (dawa ya kusafishia kabureta) pembeni ya gasketi na kusikiliza RPM zikibadilika. Inafanya kazi, ila ile dawa inawaka, na ekzosi ni ya moto. Fanya injini ikiwa bado vuguvugu, puliza kidogo sana, uwe na kizima moto karibu. Njia isiyo na moto ni kipande cha hozi cha mita moja: mwisho mmoja sikioni, mwingine ukiutembeza kwenye viungio. Tundu la hewa linapiga mluzi hafifu ambao hozi huuleta wazi.

Honda Fit za mwanzo na magari mengine yanayopima presha ya manifoldi badala ya kupima hewa yenyewe yana tabia tofauti. Kwao tundu halileti P0171 kirahisi, kwa sababu presha ya hewa ya wizi nayo inapimwa na kupewa petroli yake. Kinachotokea ni sailensi kupanda na kukataa kushuka.

Valvu ya mvuke wa tangi huwa inasahaulika. Injini ikiwa baridi na sailensi, chomoa hozi inayotoka kwenye kopo la mkaa linalonasa mvuke huo na uweke kidole kwenye valvu. Hapapaswi kuwa na mvuto. Ukiwepo, valvu imeganda wazi. Gari la namna hii husumbua zaidi kuwaka mara tu baada ya kujaza tangi.

Halafu throto. Toa bomba la mpira, tazama ukingo wa kipepeo: pete nyeusi ya masizi na oili hupunguza ule mwanya mwembamba unaopitisha hewa ya sailensi. Swichi imezimwa na ufunguo uko mfukoni, lowesha kitambaa kwa dawa ya throto, futa ukingo wa kipepeo na ukuta wake wa ndani pande zote mbili. Usipulizie dawa ikatiririka kwenye mota, na usilazimishe kipepeo cha throto ya umeme kwa kidole huku swichi ikiwa ON. Gia zake za ndani ni za plastiki. Matoleo ya waya yana valvu ya sailensi chini ya throto yenye njia zake za hewa. Hizo nazo zisafishwe.

Baada ya kusafisha, sailensi inaweza kupanda hadi 1,200 au zaidi. Usishtuke. Kompyuta ilikuwa imezoea kufungua zaidi ili kufidia uchafu. Kwa Toyota, chomoa nyaya za betri dakika kadhaa, rudisha, washa bila kukanyaga mafuta, liache sailensi dakika 10 AC ikiwa imezimwa, kisha dakika chache na AC, kisha endesha mwendo wa kusimama na kuondoka. Nissan nyingi hazijifunzi zenyewe. Zinahitaji kipimio chenye kipengele cha kufundisha upya hewa ya sailensi, kwa hiyo kabla ya kusafisha throto ya Tiida au X-Trail hakikisha fundi anacho.

Sensa ya hewa husafishwa kwa dawa yake maalumu tu. Puliza mara 8 hadi 10 kwa umbali, usiguse waya wake mwembamba kwa kitu chochote, iache ikauke kabisa kabla ya kurudisha. Kabu klina inaweza kuyeyusha au kuacha utando, na pamba ya masikio inaukata ule waya.

Moto wa plagi

Kama ni misi ya silinda moja, itafute hivi. Injini ikiwa sailensi, chomoa soketi ya koili moja moja, sekunde chache tu, na kuirudisha. Koili nzima ikichomolewa injini inatetemeka zaidi na RPM zinashuka. Ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika, hiyo ndiyo silinda isiyofanya kazi. Usikae sana: petroli isiyochomwa inaingia kwenye kataliti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) na kuichoma. Na usinyanyue koili yenyewe huku injini inazunguka ili "kuona moto". Umeme ule unatafuta njia ya kurudi, na njia hiyo inaweza kuwa mkono wako au kompyuta ya gari.

Silinda namba 1 iko upande wa mnyororo wa taimingi, yaani kulia mwa gari. Tuseme mbovu ni namba 2. Zima injini, fungua boliti mbili kwa spana ya 10, badilishana koili ya 2 na ya 3. Misi ikihamia 3, ni koili. Ikibaki 2, badilishana plagi. Ikibaki tena, badilishana nozeli kama unaweza. Ikigoma kuhama kwa yote matatu, pima kompresheni (presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda). Mchezo huu mzima haugharimu spea hata moja, na ni wa kuaminika kuliko kipimio.

Ukitoa plagi zipange kwa mpangilio wa silinda na uzitazame. Rangi ya hudhurungi hafifu ni afya. Masizi makavu meusi kwenye zote nne: petroli imezidi, rudi kwenye themostati na sensa ya joto. Masizi kwenye moja tu: moto dhaifu au nozeli inayovuja. Nyeupe kama chokaa: hewa nyingi au joto kali. Mafuta ya oili kwenye ncha yanatoka kwenye ringi za pistoni au sili za valvu. Oili kwenye mwili wa juu wa plagi, ndani ya kisima chake, ni jambo jingine na jepesi zaidi: mipira ya kisima kwenye kava ya valvu imekwisha. Ibadilishe pamoja na gasketi ya kava, kausha visima, na utazame mpira wa koili. Uliolowa oili muda mrefu unavimba na kupasuka, na umeme unatorokea pembeni.

Pengo la plagi za 1NZ-FE ni milimita 1.1. Za iridiamu usizipinde wala kuzisugua kwa brashi ya waya. Zifunge injini ikiwa ya baridi, anza kwa vidole mpaka iguse, kisha plagi mpya ongeza nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. Inayorudishwa, sehemu moja ya kumi na mbili tu inatosha. Plagi feki zimejaa madukani: tazama uzi uliochongwa hovyo, maandishi yanayofutika kwa kucha, na ncha ya kati isiyokaa katikati. Plagi ya iridiamu ina ncha nyembamba mno. Ncha nene yenye maandishi ya iridiamu ni uongo.

Usisahau arthi. Waya unaotoka betri hasi kwenda kwenye injini ukishika kutu, koili na sensa zote zinayumba. Weka mita kwenye volti za DC, mguu mmoja kwenye nguzo hasi ya betri na mwingine kwenye chuma tupu cha injini, mtu apige stata. Ukisoma zaidi ya volti 0.5, safisha au badilisha waya. Gari likiwaka, betri isome kati ya 13.5 na 14.5.

Petroli

Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa si hadithi. Tanzania ilianza kuweka vinasaba (alama ya kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, vyote kwa sababu hiyo. Kama mtetemo ulianza siku ya kujaza tangi, na P0300 ikaja pamoja na kugonga injini ikipanda mlima, chota petroli kidogo kwenye chupa safi, iache itulie: maji yatajitenga chini. Mafuta ya taa hayajitengi, ila tone lake kwenye karatasi nyeupe huacha doa la mafuta linalodumu, wakati petroli safi hukauka na kupotea. Kipimo hiki ni cha kukadiria tu.

Presha ya petroli ya 1NZ-FE inapaswa kuwa kPa 304 hadi 343, yaani psi 44 hadi 50. Filta iko ndani ya tangi pamoja na pampu. Presha ndogo huonekana zaidi ukiwa umekanyaga kuliko sailensi; kwa hiyo gari linalotetemeka likiwa limesimama lakini linavuta vizuri mlimani, usinunue pampu.

Nozeli zisafishwe kwa mashine ya mawimbi ya sauti na kupimwa kiasi zinachotoa, zote nne pamoja, kabla na baada. Dawa ya kumwaga kwenye tangi hufaa kwa uchafu mdogo. Gereji inayosema imesafisha nozeli bila kukuonyesha vipimo vya kila moja haijakupa kitu cha kuamini. Mipira midogo ya nozeli iwekwe mipya. Wa chini ukipasuka unaleta hewa ya wizi palepale ulipotoka kutengeneza.

VVT-i inapochelewa kurudi

Kama gari linatetemeka au kuzima hasa baada ya kutoka mwendo kasi na kusimama ghafla, chomoa soketi ya valvu ya oili ya VVT-i, mfumo wa Toyota unaobadilisha muda wa valvu kufunguka. Sailensi ikitulia, kulikuwa na umeme usiotakiwa au valvu inabana. Isome kwa mita: ohm 6.9 hadi 7.9 ikiwa baridi. Itoe, isafishe, angalia na kichujio chake kidogo cha wavu. Mara nyingi chanzo ni oili iliyokaa mno ikawa tope. Mnyororo uliolegea una sauti yake: mkwaruzo wa sekunde chache ukiwasha asubuhi, na kodi P0016.

Kompresheni, na kosa la milimani

Toa plagi zote, chomoa soketi za koili na nozeli, kanyaga mafuta mpaka mwisho, piga stata mpaka mshale usipande tena. Kitabu kinasema psi 213 kwa injini mpya, kiwango cha chini 156, na silinda zisipishane zaidi ya psi 14.

Namba hizo ni za usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu, ambako hewa ina uzito wa kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Injini nzima kabisa itasoma karibu psi 175 huko, na kiwango cha chini kinashuka hadi kama 128. Zipo injini zilizohukumiwa kufunguliwa kwa sababu ya hesabu hii kusahaulika. Geji ya vakyumu ni vivyo hivyo: Tanga inchi 18 hadi 20 ni afya, Nairobi au Mbeya 12 hadi 15 ni afya ileile. Kinachopima ukweli ni tofauti kati ya silinda na silinda.

Silinda moja ikiwa chini, tia kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ikipanda sana, ringi. Isipopanda, valvu au gasketi ya hedi (kichwa cha injini). Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imeungua katikati yake. Gari linalomisi kwa dakika moja tu asubuhi, likatoa mvuke mweupe kisha likatulia, na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakovuja, lina gasketi inayopitisha maji usiku.

Kabla ya kushusha hedi pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.15 hadi 0.25 za kuingiza, 0.25 hadi 0.35 za kutolea moshi. Valvu iliyobana haikai vizuri kwenye kiti chake, kompresheni inatoroka, na inaungua.

Hili linayahusu sana magari yaliyofungwa mtungi wa gesi, ambayo Dar es Salaam sasa ni mengi. Gesi hukausha viti vya valvu na nafasi hupungua haraka kuliko kwa petroli. Gesi pia inahitaji moto mkali zaidi kuwaka, hivyo mafundi wa gesi hupunguza pengo la plagi hadi milimita 0.7 au 0.8 kwa plagi za kawaida. Likitetemeka, kwanza libadilishe kwenda petroli. Likitulia, tatizo liko kwenye filta ya gesi, regulata, nozeli za gesi au marekebisho ya kompyuta yake. Lisipotulia, rudi mwanzo wa mwongozo huu.

Ukiwa bado hujanunua

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika, kisha ushike kava ya injini kwa kiganja. Ikiwa ya moto, kuna alichotaka usikisikie. Washa wewe mwenyewe. Sikiliza dakika ya kwanza yote, halafu weka D na AC kubwa, mguu kwenye breki: RPM zishuke kidogo na kurudi, zisiendelee kuzama. Fungua kifuniko cha oili injini ikizunguka. Sailensi ibadilike kidogo. Isipobadilika hata chembe, tayari kuna hewa inaingia kwingine.

Chomeka kipimio hata kama taa ya cheki injini imezimwa. Nenda kwenye ukurasa wa majaribio ya mfumo. Kama karibu yote yanasema hayajakamilika, kodi zimefutwa au betri imechomolewa karibuni. Kwa gari lililoshuka bandarini jana hiyo ni kawaida. Kwa gari linaloendeshwa mjini kila siku, omba kuliendesha kilomita 50 hivi ukapime tena, na muuzaji akikataa, punguza bei kwa gharama ya koili nne na kazi ya hedi, au ondoka.